Uji ya Lévi Imegeuka Maji

Asubuhi ile Kahambu alikuwa amesimama mu ziwa, maji imemufika ku magoti, anasukuma bido, dumu yake ya maji, chini kwa mikono mbili ili ijae. Bido ilikuwa inakataa kuzama. Ilitapika hewa pole pole, na yeye akaiegemea kwa kifua, macho nusu imefungwa, juu usingizi ulikuwa bado haujamutoka. Nyuma yake kulikuwa mustari wa wamama na watoto wenye kungojea mahali pale pale pa kukanyaga. Mama mumoja akamuuliza kama anachota ao anakoga. Wengine wakacheka kidogo, kicheko ya watu wamechoka.  Kahambu alikuwa mutoto wa kutojibu. Akainua bido, akatoka.

Pa kupandia njia kulikuwa vijana wa klori, ile dawa ya kusafisha maji, wamevaa jile bila mikono, kila mutu na seringe kubwa. Wanakuminyia klori mu bido, wanakuambia ungoje kwanza mbele ya kunywa. Tangu ile juma ya masasi, wakati vita iliingia mu muji, robine za maji za Mabanga, mutaa yao, zilikauka, muji mzima ulishuka ku ziwa: kunywa kule, kufua kule, kukoga kule. Kolera ikawafuata bila kuitwa.

Kahambu alikamata kamba, akaiweka ku kipaji ya uso, bido ikalala ku mugongo vile wamama wa Butembo wanabebaka. Njia ilikuwa ya kupanda, mawe meusi ya volkano yanakata malapa ku miguu, na chikudu, zile baiskeli za mbao zenye kubeba makala, zilikuwa zinashuka bila kumuhurumia mutu. Kahambu hakuwa anawaza juu ya bido. Alikuwa anawaza juu ya Lévi, kama leo atakula.

Lévi alikuwa mutoto wa mama yake mudogo, Kaswera. Kaswera na mama ya Kahambu walizaliwa tumbo moja, lakini Kaswera aliolewa Kalengera, ku ile barabara ya Rutshuru, akalima maharagi kule mpaka vita ikamusukuma. Alishuka na mabati mawili na godoro, akakaa mu kambi ya Kanyaruchinya, chini ya shitingi ya plastiki, akamuzalia Lévi mule mule. Wakati kambi ilibomolewa na watu wakaambiwa kila mutu arudi kwao, yeye hakuwa na kwao. Nyumba haikuwako tena, na bwana yake hakuna mwenye alijua alipotelea wapi. Akaja Mabanga, mutoto ku mugongo, sufuria ku kichwa. Mama ya Kahambu, Masika, akahamisha meza, akatandika godoro pale meza ilikuwa, na hakuna mwenye aliongea tena juu ya ile jambo.

Mutoto alikuja na tumbo ya kuharisha. Kuharisha kuliisha, lakini kukamuacha vile moto unaacha nyumba. Kichwa ilikuwa kubwa, shingo haiwezi. Ukimuweka uji mu mudomo, uji muzito, anaizungusha kidogo, nguvu ya kumeza inakosa, anaisukuma nje na ulimi. Ukiongeza maji, anakunywa vizuri, lakini hapo amekunywa maji. Ku santeri ya afya muganga alikuwa amemupima ku mukono na ile utepe ya rangi, utepe ukasimama ku nyekundu. Zile pakiti za watoto zilikuwa zimeisha, depo ilikuwa imevunjwa mu ile juma ya masasi, hakuna mwenye alijua zingine zitafika lini. Muganga akasema: mama, uji muzito, mara mingi, ndiyo dawa niko nayo. Kama haingii, mutamurudisha siku ya lundi, Jumatatu, tutaona. Alisema tutaona bila kumuangalia Kaswera mu macho.

Basi uji ilikuwa kitu kikubwa mu ile nyumba. Ilikuwa uji ya masoso, unga ya mahindi, soya na mutama. Kaswera njo alikuwa anaipika, hakuna mwingine, na alikuwa anaipika muzito mpaka mwiko unasimama peke yake. Alikuwa na sheria yake ya Kalengera: mutu asilambe mwiko na kuurudisha mu sufuria. Ukirudisha mwiko yenye mate, uji inageuka maji, na uji yenye imegeuka maji haipewe mutoto. Kinywa ya mutu imeingia mule. Inamwangwa inje. Kahambu alizisikia hizo sheria tangu mudogo, hata mama yake alikuwa nazo, lakini Kaswera alikuwa anachunga sufuria kama mutu anachunga mupaka.

Kahambu alifika, akatua bido. Mama yake alikuwa ameshaenda kuuza nyanya. Papa yake Wenceslas, dereva wa lori, alikuwa upande wa Butembo tangu barabara ilikatika, na sauti yake ilikuwa inafika ku telefone mara mojamoja. Kaswera alikuwa amekaa ku mulango na Lévi ku mapaja, kopo ya uji pembeni.

Kahambu akauliza na macho. Kaswera akatikisa kichwa. Akasema Kahambu aoshe tu kopo.

Njo pale ilianzia. Kahambu aliinama na kopo, na uji yenye ilibaki mule ilikuwa ya aina mbili. Pembeni ilikuwa ngumu, imekamatana. Lakini katikati, mahali kijiko yenye ilitoka mu mudomo ya Lévi ilikuwa imelala, kulikuwa kidimbwi. Uji imelegea, imekuwa kama maji ya mutama, inang'aa. Aliigeuza ku mwanga. Kila siku alikuwa anaosha ile kopo na hakuwahi kuiona.

Mate, akawaza. Na hapo akamukumbuka Prof Bagalwa.

Prof Bagalwa alikuwa anawafundisha biolojia. Mutu wa Bukavu, mwembamba, na bluzi nyeupe ya kazi yenye kukosa kifungo. Nyumba yao ya masomo haikuwa na labo ya majaribio, ilikuwa na kabati ya kioo iliyovunjika. Siku moja alikuja na mufuko wa chupa ndogo za maji, akaita watu mbele. Kila mutu akapewa kifuniko ku mukono mumoja, na chupa ya wazi ku mukono wa pili. Akawaambia kwamba sasa wao ni sukari, na washikane mikono. Hakuna mwenye aliweza, mikono yote ilikuwa na kitu. Prof akachukua kifuniko ya huyu, akachukua chupa ya jirani yake, akavifunga pamoja, akaweka ku meza. Maji moja, kamili. Mikono mbili zikabaki tupu, zikashikana. Akaendelea hivyo mpaka mustari ukatoka ku ubao mpaka ku mulango, na meza ikajaa chupa. Akasema ile njo wanga. Mahindi, muhogo, mutama, yote ni watu wameshikana mikono, na kila pahali pameshikana, maji moja ilitoka.

Kisha akarudi nyuma. Kwa kuwaachisha, anarudisha maji. Anafungua chupa kati ya watu wawili, huyu anapata kifuniko, yule chupa, mikono imejaa, wanaachana. Kijana mumoja wa kilasi, Prodige, alikuwa ameshika mukono wa muschana mumoja na akakataa kuuachilia hata na chupa ku mukono. Prof akasema huyu si wanga, huyu ni plastiki, hata ziwa mzima haiwezi kumuachisha. Kilasi ikavunjika na kicheko.

Kahambu alikuwa amekataa kushika mutu mukono, haya zilimujaa. Prof hakumulazimisha. Akamupa kazi ya kufungua chupa. Akaeleza kwamba bila huyu mufunguaji, maji inaweza kukaa pembeni ya wanga siku na siku, hakuna kitu kinakatika. Mu mate yenu huyu mutu yuko. Mu mbegu yenye kuanza kuota yuko, juu mbegu haina meno, na lazima ikule chakula yenye mama yake aliiwekea. Lakini hapendi moto. Mukimuchoma, amekufa, kama yai mu mafuta: imeiva, haiwezi kurudi yai tena.

Mbele ya kengele kulia akauliza swali ya mwisho. Ile maji yenye inatoka wakati vitu vinaungana mu mwili, inaenda wapi? Kahambu alikuwa na jibu ku ulimi. Mukono wake ulibaki chini ya meza. Prof akangoja, akaangalia mustari mzima wa vichwa, akasema mutanijibu kesho.

Kesho yake ilikuwa masasi. Masomo ilikuja kufunguliwa nyuma ya ile juma, na kilasi ya nusu, na prof mwingine. Wengine walisema Bagalwa alivuka mupaka. Wengine walisema alirudi Bukavu. Wengine ukiwauliza walikuwa wanaangalia viatu yao.

Kahambu akaosha kopo. Mbegu yenye kuanza kuota, akawaza. Nyuma ya ukuta wa mbao, mu parsele, kiwanja ya jirani, kulikuwa mbegu hizo kila siku, zimetandikwa ku shitingi juu ya mawe, na yeye alikuwa anaziruka akienda ku choo.

Zilikuwa za Nyirarukundo, mama mujane mwenye kupika pombe ya mutama. Anatia mutama mu maji, anaifunika na majani mpaka itoe vichipukizi, anaikausha, anasaga. Ile unga ya kimea njo inageuza uji ya mutama kuwa kinywaji tamu, na kesho yake kuwa pombe. Watu wa Mabanga walikuwa wanamusema vibaya asubuhi na wanakuja kwake jioni.

Kahambu alisimama ku mulango wake wakati murefu, kama mutu mwenye ametumwa na amesahau ujumbe. Nyirarukundo alikuwa anafagia. Akamuona, akaendelea kufagia, akamuuliza kama ni Paroko alimutuma kumuhesabia walevi. Kahambu akasema hapana. Akamuuliza basi kama ni yeye mwenyewe ana kiu, muimbaji mzima wa korale ya kanisa, papa yake akirudi kutoka Butembo amukute anayumba. Kahambu akacheka bila sauti, na kwa kucheka njo akaweza kusema. Alikuwa anaomba kimea kidogo. Kwa uji ya mutoto.

Nyirarukundo akaacha ufagio. Hakuuliza mingi. Watu wote wa ile parsele walikuwa wameshaona shingo ya Lévi. Akashika mbegu kavu na mikono mbili, akazisugua, vichipukizi na vijimizizi vikaanguka, akazipuliza. Akamuambia hiyo mikia haimufae mutoto, ni sumu, aweke mbegu tu, na kidogo. Akamumiminia mu pembe ya kitenge. Akarudia ufagio wake.

Mara ya kwanza Kahambu aliharibu. Alisaga ile mbegu ku jiwe, akaichekecha, akangoja mpaka saa ya uji ya muchana. Kaswera alipogeuka kumupangusa mutoto, Kahambu akatupa kijiko ya kimea mu sufuria, uji inatokota ku mbabula ya makala. Alikuwa ameogopa kolera. Aliwaza kila kitu kichemke vizuri, na kile kitu kikachemka vizuri. Akaangalia. Uji haikutikisika. Ikabaki nzito kama udongo wa kukandika. Kaswera akaitoa ku moto, akaipoza, akajaribu. Lévi akaisukuma nje na ulimi. Kaswera akaipangusa ku kidevu, akairudisha, mutoto akaisukuma tena, wala halii, kulia pia ni nguvu. Mwisho Kaswera akala ile uji yeye mwenyewe, juu haimwangwe, na akalala pembeni ya mutoto na macho wazi.

Kahambu akaenda kukaa nyuma ya nyumba, juu ya jiwe. Miguu ilikuwa inamuuma, mugongo inamuuma. Alikuwa anataka tu kulala, yeye pia, na akiamuka mutu mwingine awe amefanya kila kitu. Alikuwa anarudiarudia mu kichwa: hapendi moto. Hapendi moto. Yai mu mafuta. Alikuwa amesikia, alikuwa hata ameandika, na sasa alimuchoma mufunguaji na mikono yake mwenyewe.

Jioni, jua bado halijaangukia nyuma ya milima, Kaswera alipima ile masoso ya mwisho. Mama Masika alikuwa ameahidi kurudi na ingine kama nyanya zitatoka, lakini nyanya hazikuwa zinatoka siku hizo. Kaswera akakunguta mufuko, akapika, mwiko ukasimama. Akatua sufuria chini ipoe, akaenda kufua vitambaa vya mutoto ku kona ya parsele.

Kahambu angeweza kumuambia. Angemufuata tu pale ku beseni na kusema, mama mudogo, niko na jambo. Alifungua mudomo na sauti haikutoka, ni vile alikuwa. Ilikuwa rahisi zaidi kuinama ku sufuria. Akaweka kidole mu uji, akahesabu pole pole: haimuchome, inamupasha joto tu. Akatia kimea. Akakoroga.

Mwanzo hakuna kitu. Kisha mwiko ikaanza kuwa mwepesi mu mukono wake. Ni kama mutu mwenye alikuwa anaushika ndani ya sufuria ameuachilia. Uji ikalegea, ikang'aa, ikaanza kuzunguka yenyewe nyuma ya mwiko, na mwiko wenye ulikuwa unasimama peke yake ukaanguka ku ukingo.  Kahambu alikuwa anawaona wote, kutoka ku ubao mpaka ku mulango, wanaachana mikono.

Hakusikia Kaswera akija.

Kaswera alikuja na mikono yenye povu. Akaangalia sufuria. Akainua mwiko, na uji ikamwangika kutoka ku mwiko kama maji.

"Nani amelamba mwiko?"

Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo njo ilikuwa mbaya. 

"Ninauliza. Masoso ilikuwa ya mwisho. Nani?"

Kahambu akaangalia chini. Kaswera hakungoja. Akashika sufuria na kitambaa, akaanza kutoka nayo inje, kule kwenye shimo ya maji chafu. Hakuwa na hasira ya kupiga mutu. Alikuwa anatembea kama mutu anaenda kuzika.

"Mama mudogo, musimwange."

Kaswera akasimama, juu hakuzoea ile sauti. Kahambu alikuwa amesimama ku mulango, mikono mbili ku miti ya mulango, amefunga njia. Akasema hakuna mwenye alilamba. Ni yeye. Alitia kimea ya Nyirarukundo. Maneno ilitoka ovyo ovyo, sukari, mikono, chupa, mate, na Kaswera akamuangalia mpaka akaishiwa.

"Ulimutilia mutoto wangu pombe?"

Hapana, si pombe, pombe ni ya kesho yake, hii ni ya leo, itachemka tena na itakunywewa sasa. Kaswera akasema kama ni kuchemka, basi ichemke, itakamata. Uji yenye imelegea ukiirudisha ku moto inakamata, hata mutoto anajua. Akaweka sufuria ku mbabula, akapuliza makala, akasimama na mwiko. Ikachemka. Ikatoa mapovu madogo madogo, mapovu ya maji, si ile mapovu nzito ya uji yenye inaruka na kuchoma mukono. Kaswera akakoroga, akangoja, akakoroga. Haikukamata.

"Unga imekufa," akasema.

"Haijakufa. Ni ile ile mulipima. Imekatika tu, haiwezi kushikana tena ku moto."

"Kahambu. Mimi sikutoka Kalengera kuja kusoma."

Kahambu alikuwa karibu acheke, na karibu alie. Kaswera akaitoa sufuria ku moto, akakaa chini pembeni yake, ku sakafu, na povu ya sabuni ilikuwa imekauka ku mikono yake. Lévi alikuwa amelala ku godoro, anawaangalia na yale macho yake makubwa.

"Angèle nilimupa uji ya maji," Kaswera akasema.

Angèle alikuwa dada ya Lévi. Mu ile nyumba watu hawakuwa wanatamka jina lake.

"Kule Kanyaruchinya, unga ikipunguka unaongeza maji. Unaongeza tena. Alikuwa anamaliza kopo yote, tumbo inajaa, anacheka. Nikasema, mutoto anakula. Na alikuwa anakwisha hivyo, na kopo ku mukono." Akapangusa ukingo wa sufuria na kidole, kwa kuzoea tu. "Basi usiniambie uji ya maji."

 Kahambu alikaa chini pia, upande wa pili wa sufuria. Alitafuta mu kichwa yale maneno ya Prof na yote ilikuwa ya ubao. Mwisho akasema yake mwenyewe, pole pole, akiangalia mbabula. Ile ya Angèle ilikuwa maji mingi na unga kidogo. Hii ni unga yote. Mulipima, muliona mwiko unasimama. Hakuna kitu kilitoka mule. Lévi hana nguvu ya kukata, basi tumemukatia. Kama vile unamutafunia mutoto nyama.

 Kidole yenye ilikuwa imepangusa ukingo, Kaswera akaiweka mu mudomo, bila kuwaza, vile mupishi yeyote anafanya. Akasimamisha kidole pale.

"Ulitoa wapi sukari?"

Mu nyumba hakukuwa sukari tangu masasi. Kaswera alijua, alikuwa anakunywa chai chungu na wao kila asubuhi. Akaonja tena, na kijiko. Akaangalia mufuko ya masoso yenye alikuwa ameikunguta. Akaangalia sufuria.

"Ilikuwa mule mule," Kahambu akasema. "Sukari. Ilikuwa imeshikana, njo haikuwa inaonekana."

 Makala yalikuwa yanapasuka. Inje mutu alikuwa anamuita Nyirarukundo, na Nyirarukundo alikuwa anamujibu arudi kwanza na chupa za jana.

"Kunywa weye kwanza," Kaswera akasema.

Kahambu akakunywa. Njaa yake ikaamuka yote mara moja, na ikamubidi aondoe kopo ku mudomo kwa nguvu. Kaswera akamuchunguza uso kama mutu anamuchunguza mugonjwa. Kisha akamutwaa Lévi, akamukalisha, akashika shingo yake na kiganja, akaweka ukingo wa kopo ku midomo.

Lévi akazungusha ulimi, akitafuta ile kitu ya kusukuma. Haikuwako. Ikapita. Akakamata pumzi, akameza tena, na ile sauti ya kumeza ilisikika mu nyumba nzima. Kaswera akapumzisha kopo, akangoja atapike. Hakutapika. Mukono wa mutoto, ule mukono wa utepe nyekundu, ukainuka pole pole na kukamata ukingo wa kopo.

 Kaswera akamupa. Nyuma ya wakati akamuambia Kahambu, bila kumuangalia, kesho akienda ku ziwa amupitie Nyirarukundo, amuulize kama anaweza kuwatilia mutama kidogo mu maji, ile yao wenyewe. Kisha akaongeza kwamba mwiko hata hivyo haulambwe. Hiyo haijabadilika.

Mama Masika alirudi na nyanya nusu na masoso kidogo yenye alikopeshwa na rafiki. Alikuta sufuria imeoshwa, mutoto amelala, na dada yake amelala pembeni yake akikoroma kwa mara ya kwanza tangu alifika. Hakuwaamsha. Akavua malapa, akakaa, akaanza kukanda miguu yake. Utepe wa lundi ulikuwa bado mbele yao. 

Telefone ilikuwa imerudi na mama, imechajiwa ku kioski ya solare. Kahambu akaiomba, akaenda nayo ku mulango pale réseau ya telefone inaingiaka. Akatafuta jina ya Prof Bagalwa. Picha ilikuwa ile ile, bluzi nyeupe, kifungo kinakosa. Alianza kuandika, akafuta. Akaanza bonjour Prof, ni mimi Kahambu, ule mwenye alikuwa anafungua chupa. Hiyo hakuifuta. Akaandika kwamba leo alimuchoma mufunguaji mara moja, na mara ya pili hakumuchoma. Akaandika kwamba mutoto alikunywa. Akaandika kwamba alikuwa na jibu ya ile swali tangu siku ile.

Prof, ile maji haiende mbali. Inabaki mu mwili mule mule, pamoja na maji ingine yote. Vitu vikitaka kukatika, njo inarudi kufanya kazi. Ni hiyo nilikuwa nataka kusema. Muko wapi?

Akatuma. Kukaonekana alama moja ya kijivu. Akangoja ya pili, ile ya kuonyesha ujumbe umefika, telefone ku mapaja, kichwa ku muti ya mulango. Alama ikabaki moja. Mama yake akamuita ndani, akamuambia alale, mustari wa maji unaanza mapema. Akaangalia mara ingine. Ilikuwa moja.